Mwalimu Aliyefanya Mtihani wa Wanafunzi Wake

Sijui alizaliwa wapi, wala sijui baba yake alikuwa nani. Hapa Lubumbashi hayo ndiyo maswali ya kwanza watu huulizana, hata kabla ya kuketi, lakini yeye ukimwuliza alikujibu kwa swali la hesabu mpaka unasahau ulichotaka. Mimi nilimjua kama mwalimu wa hesabu, na hilo lilinitosha. Alinifundisha mimi, kisha akamfundisha binti yangu Mwadi, katika shule ileile ya Kampemba, mbele ya ubao uleule wenye ufa. Hata leo, mama mzima mwenye meza yangu ya unga sokoni, nikimwona kwa mbali naangalia kwanza kama kucha zangu ni safi.

Nyumba yake ilikuwa Kamalondo. Kila asubuhi alikuja kwa miguu, kofia nyeupe kichwani na mwavuli mweusi mkononi, hata wakati wa kiangazi ambapo mvua kwetu ni hadithi tu. Mwavuli ule ulikuwa na kazi nyingi: ulionyesha ubaoni, uligonga meza ya aliyesinzia, ulizuia mlango kwa waliochelewa. Siku moja mvua ikaja kweli, mvua ya kung'oa mabati, naye akaukunja mwavuli, akaukumbatia ndani ya koti, akafika shuleni amelowa chapachapa. Tulicheka mpaka machozi. Alitueleza kwa utulivu kwamba mwavuli ukilowa utachafua ubao, kisha akaanza somo huku maji yakimchuruzika shingoni.

Shule yetu ni ya parokia, naye ni Mwislamu wa kuswali, na hakuna aliyeona ajabu. Asubuhi tulipoimba sala alisimama mwisho wa mstari, kimya, mikono mbele, na ole wako ukipiga porojo katika sala ambayo hata haikuwa yake. Darasani, kabla ya kuandika swali la kwanza, alisema Bismillah kwa sauti ya chini. Nasi sote, watoto wa Kikatoliki na wa makanisa ya uamsho, tukazoea kuisema hivyo hivyo kabla ya kila interro, yaani jaribio la darasani. Mchungaji mmoja alimsikia binti yake akiitamka nyumbani huku akifungua daftari, akaja shuleni amefura. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwuliza kama siku hizi mtoto anafaulu. Mchungaji akakiri kwamba anafaulu, wakaagana vizuri.

Mkali alikuwa mkali, sitamsafisha. Alikuwa na sanduku la karatasi chini ya meza ambamo mashine zote za kuhesabia alizozikamata zililala mpaka mwisho wa mwaka, na wazazi waliokuja kuziomba walirudi mikono mitupu. Lakini sijaona mtu aliyeujua woga wa mtoto kama yeye. Siku ya interro alitupitia kwa macho, mmoja mmoja. Akiona midomo imekauka, alituambia tuweke kalamu chini.

“Nani alikula bukari jana?” aliuliza.

Sasa, bukari ni ugali wetu, na Lubumbashi nani hajala bukari jana? Mikono yote ikapanda. Akauliza nani aliila na sombe, yaani kisamvu, nani na samaki wa chumvi, nani alimnyima mdogo wake kipande kikubwa, mpaka darasa zima linacheka na kushtakiana. Hapo ndipo alisema: “Sasa mumerudi bantu. Tuanze.” Bantu ni watu: alikuwa akituambia kwamba woga ndio mtihani wa kwanza, na ule wa hesabu ni wa pili tu.

Na yeye mwenyewe, jamani, alikuwa mwoga wa kupimwa kuliko sisi. Siku mkaguzi alipoketi nyuma ya darasa, chaki ilimvunjikia mkononi, akaandika kwamba saba mara nane ni hamsini na nne. Darasa zima likanyamaza kwa heshima. Aligeuka, akatuona sura zetu, akafuta. Mkaguzi alipoondoka, mwalimu aliketi kwenye kiti chake, jambo ambalo hakulifanya kamwe, akasema, “Mumeona? Hata miye.” Tulimpenda zaidi siku hiyo, ingawa kesho yake alitupa maswali magumu kweli kweli kulipiza aibu.

Kama alikuwa na dini ya pili, dini hiyo ilikuwa kanuni yake ya mtihani. Kwetu maswali huandikwa ubaoni au kwenye karatasi, yote pamoja, unayaona kama vyakula mezani. Mwalimu alitufanya tuiimbe kanuni tukiwa tumesimama: “Soma yote mbele. Anza na ya mwepesi. Ile ya nguvu uache, utairudilia.” Aliyeanza na swali gumu aligongwa meza kwa mwavuli, hata kama alilipata. Mimi sikuwa mtoto wa kutii, lakini kanuni hiyo ilinishika mpaka leo, na imenisaidia katika mambo yote isipokuwa maharage. Ukianza na kilicho chepesi jikoni, maharage utayala kesho.

Shule ilipopata chumba cha kompyuta, sote tulijua atakachosema. Mtu anayefunga mashine ndogo sandukuni atazipenda kubwa? Basi tulikosea wote. Alikuja Jumamosi kukifagia chumba mwenyewe, akamwomba mkewe ashone vitambaa vya kufunika kila kompyuta, na prefe, mkuu wa shule, alipopendekeza mitihani mingine ifanywe humo, mwalimu wa hesabu ndiye aliyesimama mbele ya wazazi kuitetea. Nilikuwepo. Tayari Mwadi alikuwa mwanafunzi wake.

“Mashini haina shemeji,” alisema.

Ukumbi mzima ulipiga makofi, maana kila mzazi alikuwa na mtu wake kichwani. Katika mji wetu mtoto akipata alama nzuri, watu huuliza kwanza mjomba wake anafanya kazi wapi. Mashini isiyo na shemeji wala mjomba wala mtu wa kijiji kimoja, hiyo tuliitaka sana. Nilirudi nyumbani nikilirudia neno lile kwa kila jirani, kana kwamba nimelitunga mimi.

Watoto nao waligawanyika. Waliozoea kushinda mahali pa kucheza michezo ya kompyuta walitembea wakijipiga vifua. Wengine waliogopa hata kugusa, wasije wakaharibu kitu cha shule. Mwadi wangu alichora vitufe vyote juu ya kipande cha katoni, akajizoeza jioni akipiga vidole kwenye karatasi ngumu, tiki tiki, mpaka nikamwambia aende kulala. Hakuwa mtoto wa kufanya mzaha na masomo. Alikaa benchi la mbele, mbele kabisa, na maneno ya mwalimu wa hesabu kwake yalikuwa kama maneno ya padri.

Mwisho wa mwaka wa nane watoto wetu hugawanywa: huyu seksio ya sayansi, yule biashara, yule ualimu, yule ushonaji. Nafasi za sayansi zilikuwa chache. Mwaka ule prefe alitangaza kwamba nafasi hizo zitatolewa kwa mtihani wa hesabu wa kompyuta, basi, hakuna mazungumzo. Mwadi aliitaka sayansi kwa sababu alitaka kwenda Kasapa, chuo kikuu, kusomea ujenzi wa barabara. Kila majira ya mvua maji hukata njia yetu ya Kampemba, na mtoto huyu tangu mdogo alisimama pale ukingoni akiyakasirikia kama mtu aliyemtukana. Asipopata sayansi, Kasapa ya ujenzi imefungwa, na hilo alilijua vizuri kuliko mimi.

Matokeo yakatoka. Mwadi alianguka vibaya, akaandikiwa ushonaji. Sina ubaya na ushonaji, nguo hizi nilizovaa hazikuota mwilini. Lakini mtoto wangu hakulia kama mtu aliyeshindwa. Alilia kama mtu aliyeibiwa, na mama hujua tofauti. Tena jambo lenyewe lilikuwa la ajabu: walioanguka walikuwa hasa wale wa benchi la mbele, wanafunzi wake bora, na wale wa nyuma, wazembe wazembe, walipita wakipiga miluzi. Watu hawakukawia kusema. Mnaona, mashini imefunua, mwalimu alikuwa akiwabeba wapendwa wake siku zote. Maneno hayo yalimfikia, kwa sababu Kampemba hakuna neno lisilofika.

Nilimshika Mwadi mkono tukaenda Kamalondo. Niseme ukweli, nilikwenda kugombana. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, ya kumwambia kwamba mashini yake isiyo na shemeji imemla mtoto wangu. Tulimkuta ametoka kuswali alasiri. Mkewe akatuwekea chai, naye hakunipa hata nafasi ya kufungua mdomo. Alimgeukia mtoto, akamtaka aeleze alichofanya, kitu kwa kitu.

“Ya kwanza, ulifanya nini?”

“Nilitaka kusoma yote, Monsieur. Lakini mashini inaonyesha swali moja moja.”

“Kisha?”

“Ile ya kwanza ilikuwa ya nguvu. Nikaiacha, nikafinya kwenda mbele. Vile ulitufundishaka.”

“Na kuirudilia?”

Mwadi aliangalia chini. “Nilifika ku mwisho, ikaandika merci. Nikangoya zirudi. Hazikurudi.”

Mwalimu alikiweka kikombe chake chini. Mimi nami nikaelewa, na ugomvi wangu wote ukaniishia pale kwenye kiti. Wale wa nyuma waliiimba tu kanuni yake, hawakuwahi kuitii. Walijibu kila swali lilivyokuja, gumu kwa jepesi, wakapita. Wale wa mbele waliyaacha maswali magumu yangoje, wakiamini watayarudia, na mashini ikayahesabu yote kuwa wamekosa. Waliomtii zaidi ndio walioanguka zaidi.

Kisha aliniuliza kitu cha kazi yangu. “Mama Mwadi, ku soko, kopo ya kupimia ikibonyea chini, mutu anapata kidogo. Kosa ni ya unga?”

Nikamjibu kwamba unga hauna kosa. Akasema basi, turudi nyumbani, tumwachie.

Mwalimu alikwenda kwa prefe kuomba watoto warudie mtihani, prefe akakataa. Si mtu mbaya prefe wetu, lakini alikuwa amekwisha tangaza, na aliogopa wazazi. Alimwambia kwamba kurudia mtihani ni kuitafutia mashini shemeji, na hivyo neno la mwalimu mwenyewe likarudi kumpiga usoni. Mwalimu wa informatique, yaani somo la kompyuta, kijana wa watu, alieleza kwamba kitufe cha kurudi nyuma kipo, kilifungwa tu wakati wa kuipanga programu, na kukifungua si kazi. Prefe akasema kifunguliwe mwaka ujao. Mwaka ujao Mwadi angekuwa ameshika sindano.

Ndipo mwalimu aliomba jambo moja tu: mkutano wa wazazi, na ufanyike chumba cha kompyuta. Tulijaa mpaka dirishani. Aliingia na kofia yake, akamkabidhi mtu wa karibu mwavuli, akasema atafanya mtihani uleule mbele yetu, kwa kanuni yake, akiruka kila swali ambalo mtoto wa mwaka wa nane angeliogopa. Kisha akaketi. Nilijua alichojitwika, maana mtu yule angependa kupita katikati ya moto kuliko kupimwa mbele ya watu. Nilisikia Bismillah yake. Nami, Mkatoliki wa kubatizwa, nikaisema naye.

Alifanya alivyosema. Jepesi akajibu, gumu akaruka. Alipofika mwisho mashini ikamwandikia merci, na mwalimu wa informatique akamfungulia alama, ambayo hata nusu haikufika. Aliisoma kwa sauti. Kisha akasimama, akatugeukia.

“Miye njo mwalimu yenu ya hesabu,” alisema. “Nimeanguka.”

Akaendelea kwa sauti ileile ya darasani: “Bale batoto ba mbele hawakushindwa hesabu. Balishindwa juu ya kunisikia miye.”

Baba mmoja ambaye mwanawe alipita aliuliza kwa ukali, sasa waliopita wafanywe nini, wanyang'anywe? Mwalimu alimjibu kwamba nao warudie kama wengine wote, anayejua leo atajua kesho, na kipimo kinachobadilisha jibu kila kikiguswa si kipimo. Baba yule akaketi. Prefe aliangalia zile nyuso dirishani, akaona kwamba sasa wazazi wa kuogopwa ni wale wanaotaka mtihani urudiwe. Akasema kitufe kifunguliwe.

Walirudia baada ya siku chache. Mwadi alinisimulia kwamba mwalimu aliingia chumbani, akawaambia waondoe vidole kwenye vitufe, akauliza nani alikula bukari jana. Hata mwalimu wa informatique aliinua mkono. Na matokeo yalipotoka mtoto wangu alikuwa ndani ya sayansi, tena si mlangoni, ndani kabisa. Nilipiga kigelegele sokoni mpaka wanunuzi wakadhani nimeozesha.

Lakini msidhani kila mtu wa mbele alipanda. Wengine walianguka tena, wakiwa na kitufe na wakiwa na muda, na mwalimu alikwenda mwenyewe majumbani kwao kuwaambia wazazi. Kwa jirani yangu nilimsikia akisema kwamba kopo ikinyooshwa, unga hauongezeki. Walimwelewa, ingawa chai hawakumpa.

Na kuna jingine, ambalo wasiompenda walilisahau haraka na mimi sikulisahau. Nyuma ya darasa kulikuwa na msichana mkaidi aliyejibu siku zote kwa mpangilio wake mwenyewe, bila kuandika njia, naye mwalimu alimkata alama miaka miwili kwa ukaidi huo. Katika mtihani wa kwanza wa kompyuta alikuwa juu. Katika wa pili, akawa juu tena. Mwalimu alisimama mbele ya darasa akasema kwamba mashini iliona jambo ambalo yeye hakuliona, akamwomba msichana yule aje ubaoni awaonyeshe anavyofanya. Kwa hiyo wale waliotaka atupe kompyuta nje hawakumpata, na wale waliotaka aziabudu hawakumpata pia. Aliendelea kufagia chumba chake.

Vijana wa mtaani walimbandika jina, Monsieur-aliyeanguka. Nilikasirika kwa niaba yake. Yeye alilipenda, na akipita pale wanapokaa aliwasalimu kwa jina hilo kabla hawajamsalimu.

Sasa Mwadi yuko Kasapa, mwaka wa pili wa ujenzi, na akija nyumbani anaitazama njia yetu iliyokatika kwa jicho la mtu anayepanga kisasi. Mwalimu alistaafu, ila miguu yake haijaambiwa. Juzi nilimpelekea Mwadi unga, na karibu na lango la chuo, katika chumba kimoja cha kompyuta za kukodi, nikamkuta ameinamia kioo, miwani kwenye ncha ya pua. Nilimwuliza anafanya nini huko. Akanieleza kwamba shule kadhaa sasa humwomba awatungie maswali ya mitihani ya kompyuta, naye amejiwekea sharti: hakuna swali linalokwenda kwa watoto kabla mtu mzima hajalifanya mbele yake. Amekwisha kuwakalisha muuza mkate, walinzi wawili wa chuo, na mwenye chumba mwenyewe.

“Mama Mwadi,” aliniambia akinitaka niketi, “ikala.”

Nilimwambia mimi nimekuja na unga, macho yangu yamezeeka, na hesabu niliiacha darasani kwake. Alikuwa amekwisha vuta kiti. Nikaketi, nitafanyaje. Nikafuta vidole kwenye kitenge kama msichana wa miaka kumi na minne. Swali la kwanza nikalipata. La pili nikalipata pia, nikaanza kujiona. La tatu lilikuwa la tangi la maji lenye mabomba mawili, moja linajaza na jingine linatoa. Nikalisoma. Nikalisoma tena. Sikujua wananiuliza maji, au tangi, au saa. Aibu ikanipanda shingoni, ile ya zamani, sikujua kama bado ninayo.

“Monsieur,” nilisema, “hii siielewe.”

Nikangoja kukemewa. Aliinama karibu na kioo, akalisoma swali lake mwenyewe, midomo ikitembea polepole. Akalisoma tena mpaka mwisho. Kisha akavua miwani.

“Swali njo imeanguka, Mama Mwadi,” alisema. “Haiko weye.”

Akalifuta lote, neno kwa neno, akanisogezea kiti karibu na meza, nikaendelea na swali lililofuata.